Safu ya Wasioondoka

Kazi yangu ni kuandika sehemu ya programu inayowatembeza watu katika vita ambavyo havijatokea. Nikisema hivyo kwa ndugu hucheka, wakidhani natania, nami huwaacha wacheke kwa sababu zaidi ya hapo siruhusiwi kusema. Niliapa siku ya kwanza, nimesimama mbele ya bendera iliyokunjamana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na niliamini kabisa kwamba nimepata kazi ya kuwalinda watu kwa hesabu.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, nyuma ya karakana ya magari ya jeshi. Simu tunaziacha getini kwenye visanduku vya mbao vyenye namba. Madirisha yamepakwa rangi hadi nusu, kwa hiyo ukikaa unaona mbingu tu, ukisimama unaona mapaa ya malori. Meza iliyo jirani na yangu ni ya mtu tunayemwita Fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika karibu nusu ya mfumo wote, na hakiharibiki kitu asichojua kilipo. Mimi waliniita Digrii. Digrii, njoo uone hii. Digrii, funga mlango, baridi ya mashine inatoka. Sikuchukia. Jina la utani ni kiti. Ukishapewa, ujue umekaribishwa kukaa.

Kwenye skrini vita vyetu ni ramani yenye vitone. Vitone vya buluu ni askari wetu, vyekundu ni adui, vya njano ni raia. Unaandika amri, unabonyeza, saa ya kwenye kona inaanza kukimbia na vitone vinatembea. Mwisho unapata jedwali. Jedwali ndilo linalokwenda kwa wakubwa. Vitone hakuna anayeviona ila sisi.

Mwezi wangu wa tano nilikabidhiwa Eneo la Saba. Ramani zetu hazina majina ya miji, ni namba tu, ili mtu asiingiwe na hisia. Lakini mto niliouona ulipinda mara mbili karibu karibu, ulikuwa na daraja moja, na ng'ambo ya daraja kulikuwa na tangi la maji juu ya kilima kidogo, na ngazi ndefu za saruji zinazoshuka kutoka hapo hadi barabarani. Kwenye ngazi hizo niliwahi kuanguka nikiwa na miaka saba. Nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi ni ya bibi yangu, aliyenilea.

Swali tulilopewa lilikuwa hili. Adui akifika mahali fulani, daraja litalipuliwa ili asivuke. Kabla ya hapo watu wa ng'ambo, elfu sita na mia mbili, watatangaziwa wavuke waje upande wa huku. Watangaziwe dakika ngapi kabla? Ripoti ya zamani ilisema dakika arobaini zinatosha, na kwamba katika muda huo watavuka asilimia mia moja. Mimi nilitakiwa tu kuiendesha tena kwenye toleo jipya la programu na kuthibitisha kwamba jibu ni lile lile.

Niliendesha. Vitone vya njano vilitoka majumbani kwa pamoja, vikashuka ngazi na kwenda darajani kwa mwendo mmoja bila kusimama, kama maji kwenye mfereji. Dakika ya thelathini na nane ng'ambo ilikuwa tupu. Nilirudisha nyuma nikatafuta kitone cha nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi. Kilikuwa kimevuka dakika ya ishirini na tisa.

Bibi yangu ana miaka themanini na mmoja, na goti moja ambalo mwenyewe anasema alishalizika zamani, amebaki kulibeba tu.

Nikafungua faili la raia kuona kimeandikwa nini. Lilikuwa nakala ya faili la askari. Mtu alikuwa amemchukua askari, akafuta bunduki, akabadilisha rangi. Kasi ilikuwa kilomita tano kwa saa. Bado kulikuwa na nafasi ya uzito wa mzigo wa mgongoni, imewekwa sifuri, na mstari uliosema kwamba kitone kitaanza kuchoka baada ya kilomita thelathini. Juu kabisa paliandikwa: "Ya muda. Rekebisha baadaye." Tarehe ilikuwa ya miaka sita nyuma.

Nilimwonyesha Fundi. Alisoma, akajikuna shingo, akanieleza bila kuficha. Wageni walikuwa wanakuja Ijumaa. Alhamisi ikagundulika kwamba ramani ina askari, vifaru, hata mifugo, ila haina raia hata mmoja. Akanakili. Alikusudia kurekebisha Jumatatu, na Jumatatu ikaja na mambo yake.

Nikamuuliza ilipitaje ukaguzi, maana kwetu hakuna sehemu ya programu inayokubaliwa mpaka ilinganishwe na jambo lililotokea kweli. Akasema ililinganishwa na zoezi la uokoaji lililofanyika kwenye uwanja wa mafunzo, na namba zikakubaliana karibu hadi sekunde. Raia wa zoezi lile walikuwa makuruta waliovaa nguo za nyumbani. Mmoja walimfunga kitambaa kichwani wakampa na fimbo, awe bibi kizee.

"Alifika wa tatu," Fundi alisema.

Tulicheka wote wawili. Kisha tukaacha kucheka.

Nilimwambia lazima tubadilishe. Hakubisha. Alisema tu kwamba faili la raia limekwisha kupigwa muhuri, na kitu chenye muhuri hakiondolewi na maneno. "Mdogo wangu, hapa huruma haina safu kwenye jedwali. Kama unataka wakubwa wakusikie, lete namba."

Basi nikaenda kutafuta namba.

Jumamosi nilivuka daraja nikiwa na daftari, saa ya mkononi na kamba ya kupimia. Bibi alikuwa amekaa mlangoni akipepeta, akaniona tangu chini ya ngazi, na alianza kunisimanga kabla sijamwamkia: mke mwenzake, yaani mimi, sasa ni mtu wa ofisi, haji ila akiwa na daftari. Nilimwamkia, nikambusu mkono, nikamwambia kazini wanataka kujua watu wa huku wanatumia muda gani kufika darajani, endapo kutatokea dharura.

"Kazini wanataka nini na magoti yangu?" aliuliza. "Wana mengine wanipe?"

Alikubali kwa masharti, kwamba avae kwanza nguo ya kutokea, kwa kuwa hawezi kwenda kupimwa na serikali akiwa na kanzu ya jikoni. Kuvaa kulichukua dakika kumi na mbili. Nilisita kama niziandike, nikaziandika. Alifunga mlango, akaenda hatua ishirini, akarudi kuhakikisha amefunga. Tukashuka ngazi, mimi mbele nikishuka kinyumenyume, yeye akinishika mabega. Alipumzika mara tatu. Mara ya pili tuliketi kwenye ukingo wa duka la fundi viatu, akaniambia nisiangalie saa, nimwangalie yeye. Tulifika darajani baada ya saa moja na dakika hamsini na mbili tangu nilipomwambia twende. Umbali wenyewe ni kilomita mbili na kidogo. Kitone chake kilikuwa kimeumaliza, pamoja na kujiandaa, kwa dakika ishirini na tisa.

"Nimefaulu?" aliniuliza, jasho likimtiririka.

Nilimwambia amefaulu.

Jirani yake, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya watu wa ng'ambo, mimi nikiwemo, ndiye aliyenifanyia kazi iliyobaki. Yule mama hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alinipeleka nyumba kwa nyumba, akiniambia nani ana miguu na nani ana jina la miguu tu. Huyu mjamzito wa miezi minane na ana watoto wawili, andika atabeba mmoja. Huyu amepooza upande, atabebwa na wanawe, lakini wanawe huwa wako kazini upande wa pili. Wakisikia tangazo watavuka kukimbilia huku wakati wengine wanatoka. Huyu haondoki bila mumewe, na mumewe haondoki mpaka amefungua mbuzi wote. Tulipima watu arobaini na mmoja katika Jumamosi mbili. Wazee walishindana. Mmoja alidai apimwe tena kwa sababu alisimama njiani kugombana na mtu, na dakika za ugomvi si zake.

Jumamosi ya pili, tukiwa tumekaa kwenye ngazi, Mkunga aliniuliza kwa sauti ya chini dharura yenyewe ni ya nini, maji au moto. Kwa sababu ya kiapo nilijifanya nasoma daftari. Akaangalia daraja.

"Basi waambie wasituharakishe," alisema. "Hilo tu. Sisi kufika tutafika."

Niliandika faili jipya la raia kwa wiki tatu. Niliweka mwendo wa wazee, mwendo wa wajawazito, kupumzika, kurudi kuangalia mlango. Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni watoto wanaovuka kinyume kurudi kuwachukua wazazi wao. Mfumo wetu haukuwa na namna ya kitone kwenda upande ulio na hatari kwa hiari yake, isipokuwa kiwe askari aliyepewa amri. Ilibidi nikiandikie amri isiyotoka kwa mtu. Fundi alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma, akavuta kiti akaketi. Siku hiyo hakuniita Digrii hata mara moja.

Tuliuendesha mara mia tatu. Jibu halikubadilika sana. Kwa dakika arobaini, watu mia sita na tisini wanabaki ng'ambo daraja likilipuliwa. Ili wote wavuke inahitajika saa mbili na dakika kumi.

Nilitazama vitone mia sita na tisini vikiwa vimejikusanya kwenye ngazi na barabarani, na vingine ndani ya nyumba, havijatoka. Ilikuwa picha ya kutisha, lakini nasema ukweli, nilikuwa na furaha. Niliona kosa limepatikana likiwa bado ni namba. Nilidhani hiyo ndiyo maana ya kazi yetu: kukosea kwanza kwenye skrini, ili tusije kukosea kwa watu.

Kanali aliyekuwa anasimamia mpango wa daraja alitusikiliza katika chumba cha mikutano, mimi na Fundi. Nilimtarajia mtu mkali. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani, aliyeandika kila nilichosema kwa penseli. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza kama nimehesabu usiku na mchana. Aliuliza kuhusu waliopooza, na akaomba picha ya vitone irudiwe, akaitazama mpaka mwisho mikono ikiwa kidevuni. Akasema mama yake mzazi naye ana goti.

Kisha akavua miwani akanieleza, kama mtu anayemweleza mwanawe. Tangazo likitolewa saa mbili kabla, adui naye amelisikia. Atajua daraja litalipuliwa, na ataacha kila kitu alichokuwa akifanya alikimbilie. Akilipata likiwa zima, upande wa huku una watu elfu sitini.

"Kwa hiyo niambie, binti. Niwapeleke wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia, afande, si lazima tuongeze muda, tunaweza kupeleka magari. Malori manane yakiwekwa karibu na tangi yanatosha, kwa sababu tunajua nyumba zilipo wenye shida, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeliendesha hilo pia: kwa malori manane na dakika arobaini hizo hizo, wanabaki watu kumi na wanne. Kanali aliandika namba nane akaizungushia duara. Akaniambia niandike kurasa mbili, ziwe kiambatisho.

Ile duara ilinitosha kwa siku tisa. Nilikuwa nikiamka mapema kuliko kawaida. Niliandika zile kurasa mbili kama mtu anayeandika barua ya posa, nikifuta na kurudia.

Siku ya kumi Fundi aliniita dirishani, mahali anaposimama akiwa na habari mbaya. Malori yote, alisema, yana kazi nyingine saa hiyo ya vita. Yamekwisha gawiwa, hata yale tunayoyaona pale chini. Na kiambatisho kimeondolewa kwenye ripoti. Halafu kuna jambo jingine. Ripoti ya zamani ilisema asilimia mia moja, na ilisainiwa na watu ambao sasa ni wakubwa. Ripoti mpya ikisema themanini na tisa, ataulizwa mtu ni nani aliyedanganya. Kwa hiyo ofisi ya Kanali inapendelea data yangu iwekwe pembeni, na ripoti ya zamani ipigwe muhuri upya.

Nilishika ukingo wa dirisha. Nilimuuliza, sasa?

"Nimepata njia ya kuwabakiza watu wako ndani," alisema. Alikuwa hajalala vizuri, macho yalimwiva. "Tunaongeza safu. Kushoto wanaoondoka, kulia wasioondoka. Wa kwako tunawaweka kulia. Namba yako inabaki nzima, mia sita na tisini, hakuna anayeigusa."

Nilimwambia lakini wao wanaondoka. Wako njiani. Wanachelewa tu.

"Najua."

"Asiyeondoka ni mtu aliyekataa."

"Najua, mdogo wangu. Lakini nje ya jedwali hawapo kabisa. Ndani ya jedwali, mtu mmoja tu akiuliza, hawa mia sita na tisini ni akina nani, mlango umefunguka. Wewe ungeuliza?"

Ningeuliza. Hilo ndilo lililonifanya nisaini, kwa sababu aliyekusanya data ndiye anayetakiwa kuisaini. Nilijiambia kwamba mtu yeyote aliyezaliwa na mama hawezi kusoma namba kama ile kwenye karatasi akapita. Nilisaini kwa wino wa buluu, jina langu kamili, tarehe, cheo: mhandisi wa programu, daraja la pili. Fundi alisaini chini yangu.

Safu ya kushoto ilikuwa na watu elfu tano mia tano na kumi. Kwa dakika arobaini, waliovuka kati yao walikuwa asilimia mia moja.

Kikao cha kupitisha ripoti kilichukua muda mfupi kuliko tulivyotarajia. Sisi tuliketi nyuma, karibu na projekta, endapo kutakuwa na swali la kiufundi. Walikuwa watu saba mezani. Mmoja aliuliza kwa nini raia ni wa njano, kwa kuwa rangi ile haisomeki vizuri ikichapishwa. Mwingine aliyekuwa amevuta jedwali karibu yake aliweka kidole kwenye safu ya kulia.

Akasema safu hii ni nzuri. Akasema siku zote walikuwa wanahangaika na hili jambo la watu wasiotaka kuhama, na sasa kuna mahali pa kuwaweka. Kisha akauliza, kwa kuwa wanaoondoka wanaisha kabla ya dakika arobaini, je, kwa thelathini inakuwaje?

Fundi alitakiwa kujibu. Aliangalia sakafu. Ikabidi nijibu mimi, kwa kuwa programu ilikuwa wazi mbele yangu na kila mtu aliona iko wazi. Niliandika thelathini nikabonyeza. Vitone vilianza kushuka ngazi. Nilijua kitakachotokea kabla hakijatokea, kama mtu anayeona kikombe kikiteleza mezani. Asiyefika kwa wakati anahesabiwa kuwa hakuondoka. Hivyo ndivyo tulivyoiandika. Safu ya kulia ikawa watu elfu moja mia nne na themanini. Safu ya kushoto ikapungua. Na kati ya waliobaki kushoto, waliovuka walikuwa asilimia mia moja.

"Bado mia," alisema yule mtu, akaridhika.

Nilisimama. Sikumbuki kama niliomba ruhusa. Nilisema, samahani afande, wale wa kulia si kwamba hawaondoki, wamezidiwa na muda, tukipunguza muda wanaongezeka, tunaweza kuweka dakika mbili na bado itaandika mia. Nilisema kwa heshima na nilisema kwa ufasaha, nina hakika, kwa sababu Kanali aliinamisha kichwa. Alijua ninachosema. Alikuwa ameziandika namba hizo kwa penseli yake mwenyewe. Yule wa mezani akageuza ukurasa akatafuta, akanionyesha saini yangu, akaniuliza kwa upole kama hiyo si yangu na kama sikuielewa safu niliyoisainia.

Nilisema ni yangu.

Walipitisha thelathini. Dakika kumi zilizookolewa, alisema mmoja wao, ni zawadi kwa vijana walioko mstari wa mbele, na sidhani kama alisema kwa ubaya.

Tulirudi ofisini. Niliandika barua ya kuondoa saini yangu. Fundi aliisoma akaniambia hakuna utaratibu wa kuondoa saini, kuna wa kuongeza tu. Baada ya siku mbili ilikuja barua ya pongezi kwa kitengo, na pamoja nayo ramani za maeneo mengine matano. Kote walitaka ile safu. Kwenye barua waliiita uboreshaji. Fundi aliibandika ukutani kama ilivyoagizwa, akaketi, akaikodolea macho mpaka saa ya kutoka. "Nilitaka wabaki ndani," alisema. Hata mimi nilitaka hivyo.

Jumamosi nilivuka daraja mikono mitupu. Bibi alikuwa kwake na Mkunga, na wazee wengine wanne niliowapima walikuwa wamekuja waliponiona nikipanda ngazi. Walikaa kwenye mkeka na kwenye ndoo zilizogeuzwa. Walitaka majibu. Yule wa dakika za ugomvi alitaka kujua kama ameshika nafasi ya ngapi.

Bibi aliniuliza kama wameingia kwenye kompyuta. Nilisema wameingia.

"Wote?"

Wote, nilisema. Walifurahi sana, wakaanza kutaniana kuhusu nani atakuwa ameiharibu kompyuta kwa uzito. Ningeweza kuishia hapo. Lakini Mkunga hakuwa anacheka.

"Tumewekwa wapi?" aliuliza.

Nilivunja kiapo changu mbele ya wazee sita na kuku. Niliwaeleza daraja, tangazo, dakika arobaini zilizokuwa na thelathini zilizopo. Niliwaeleza zile safu mbili, na kwamba wao wako kulia, na kwamba ni mimi niliyesaini. Nilieleza taratibu, kwa maneno ya nyumbani, na nilipomaliza hakuna aliyenifokea. Afadhali wangenifokea.

Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Wameandika siondoki? Nani kawaambia siondoki? Si nilifika? Wewe si ulikuwapo?"

Nikasema nilikuwapo, Bibi.

"Na nilivaa vizuri."

Nilimwomba ahame. Nilimwambia aje akae kwangu, chumba ni kimoja lakini kinatosha. Alinipangusa uso kwa kiganja chake kama nilipokuwa mtoto, akasema atafikiria, kwa ile sauti anayotumia kwa wauzaji asiotaka kuwaumiza. Kisha akauliza na hawa je, nitawaweka kitanda gani. Wazee wanne waliangalia miguu yao.

Mkunga aliniomba ile orodha ya watu arobaini na mmoja. Nilimwambia sina. Majina tuliyafuta yalipoingia kwenye mfumo, ili kulinda siri za watu, na daftari limefungiwa ofisini. Akatikisa kichwa polepole, akaingia ndani, akatoka na kalamu na kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe akaniwekea magotini.

Nilidhani anataka tupange namna ya kutoka. Nikaanza kuchora ngazi. Akanishika mkono.

"Hii si ya kuondokea," alisema. "Hiyo umeshatuambia. Hii ni ya kujua nani akae na nani. Mtu asiwe peke yake."

Alianza kunitajia watu, nami nikaandika, wawili wawili, watatu watatu, kwa ukaribu wa milango. Yule mjamzito, Mkunga alisema tusimwandike, atampeleka kwa dada yake upande wa pili wiki hiyo hiyo. Yule aliyepooza aliwekwa na wenye mbuzi. Tulipofika nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi nilishindwa kuandika, nikauliza, Bibi nimwandike na nani.

"Andika mimi," alisema Mkunga.

Bibi akamkatalia. Alimwambia asilete upuuzi, yeye ana miguu mizima, miaka sitini na minne tu, kutoka hapo mpaka darajani ni dakika ishirini na tano, tena nimempima mwenyewe. Akanigeukia nithibitishe.

Ni kweli nilikuwa nimempima. Ishirini na nne na nusu.

Mkunga alinitajia jina linalofuata, akasubiri niliandike.